Shilingi Mia Tano na Mkono wa Mwalimu Mkuu

Shilingi 500 kwa mwezi. Hizo ndizo fedha za uendeshaji ambazo Serikali ya Tanzania huipa shule ya msingi kwa kila mwanafunzi mmoja. Kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa mwaka; 4,000 hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Zigawe kwa miezi 12, unapata 500, ambazo Dar es Salaam hazikupeleki na kukurudisha kwa daladala. Humo humo itoke chaki, itoke karatasi ya mtihani, itoke bawaba ya mlango uliong'oka, utoke mpira wa watoto wa darasa la nne, na nauli ya mwalimu anayepeleka takwimu wilayani.

Kwa miaka mingi nimewatazama walimu wakuu wakizifanyia kazi fedha hizo, na kila ninavyotazama ndivyo heshima yangu inavyozidi. Tunawaita watu hawa viongozi, mara nyingine watawala. Mimi nawaita mafundi. Fundi cherehani mzuri humjui kwa kitambaa cha mita nne. Unamjua pale mteja anapomletea mita moja na nusu na bado akatoka na vazi linalomkaa. Mwalimu mkuu mzuri naye hukatiwa kitambaa kifupi kila mwaka, na mtoto hupaswa kuvikwa.

Kwanza tuone mamlaka yake yalivyo madogo. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali haajiri walimu, wala hawalipi. Mishahara hutoka Hazina, na masuala ya ajira na nidhamu yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Hawezi kutoza kodi wala ada. Sera na mitaala hutoka Wizara ya Elimu, ambayo pia hutuma wathibiti ubora kuja kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza somo. Uendeshaji wa kila siku uko TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kutoka huko unashuka hadi halmashauri, ambazo nchini ni 184, kisha kwa afisa elimu kata, kisha kwake. Amri nyingi zinamjia kutoka juu, na mahitaji mengi yanamjia kutoka chini. Yeye amesimama katikati, ameshika chaki.

Lakini pembeni yake ipo kamati ya shule, na hapo ndipo sheria ilipoacha mlango wazi. Wazazi wanachagua wawakilishi wao, mwenyekiti anatoka miongoni mwao, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kamati hiyo ndiyo hupitisha mpango wa shule na bajeti yake, na ndiyo huulizwa mambo yanapokwenda kombo. Mwenyekiti anaweza kuwa mkulima wa mpunga, fundi baiskeli, mama anayeuza dagaa sokoni. Mwalimu mkuu ana cheti cha ualimu, mwenyekiti ana imani ya kijiji. Shule inakwenda pale wawili hawa wanapoweza kukaa kwenye benchi moja na kuongea hesabu bila mmoja kumwogopa mwenzake. Nimeona shule zenye majengo mazuri zikidorora kwa sababu benchi hilo lilivunjika, na nimeona shule za udongo zikisimama imara kwa sababu lilikuwa zima.

Tufanye hesabu ya shule moja ndogo, yenye wanafunzi 400. Kila mwezi inapata shilingi 200,000. Waraka wa serikali umeshazigawa fedha hizo kwa mafungu: ukarabati, vifaa vya kufundishia, mitihani, utawala, michezo. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kula fungu la michezo kununulia chaki, hata kama chaki zimeisha. Mtu wa mbali atasema basi hakuna la kuamua, kila kitu kimeshaamuliwa. Mtu wa karibu anajua kwamba uamuzi wenyewe uko kwenye majira.

Sikiliza fundi anavyofikiri. Shule inafunguliwa Januari, masika yanakuja Machi. Bati lililopasuka juu ya darasa la pili lazima lizibwe Februari, maana likisubiri Aprili, maji yatakuwa yameshaharibu ubao wa ukutani, dari na madaftari, na fungu la ukarabati la robo nzima halitatosha. Rimu za karatasi anazinunua kabla ya shule zote za kata hazijazihitaji kwa ajili ya mitihani ya muhula, kwa sababu wiki ile duka la pale senta hupandisha bei. Dawati lililolegea hulitengeneza likiwa limelegea. Anaita fundi, anaongeza skrubu mbili na kipande cha mbao, watoto watatu wanarudi kukaa. Akiliacha livunjike atahitaji dawati jipya, na fedha ya dawati jipya haiko kwenye 200,000. Chaki anazitoa stoo kwa boksi, kwa saini, kwa darasa, na vipande vilivyobaki vinarudi kwenye kopo. Nilipoanza kuliona kopo hilo nilidhani ni ubahili. Baadaye nikaelewa kwamba vile vipande ndivyo vinavyoandikia wiki ya mwisho ya muhula, ruzuku inapochelewa.

Kisha kuna daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kama kuna mahali methali hiyo imepata makao, ni ofisi ya mwalimu mkuu. Daftari la fedha liko mezani, lina mistari yake: tarehe, maelezo, namba ya hati, mapato, matumizi, baki. Kila malipo yana hati yake. Kila hati imebandikiwa risiti yake. Kila risiti inarudi kwenye muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Ukichukua kufuli moja lililoko mlangoni unaweza kutembea nalo kinyumenyume: kutoka mlangoni hadi leja ya stoo, kutoka leja hadi hati ya mapokezi, kutoka hapo hadi risiti ya duka, kutoka risiti hadi hati ya malipo, na kutoka hati hadi siku ile kamati ilipokaa ikakubaliana kwamba shule inahitaji kufuli. Njia hiyo ikiwa haina pengo hata moja, hapo ujue umeingia kwenye karakana ya fundi.

Tangu 2017 daftari hilo limepata ndugu yake wa kielektroniki, mfumo uitwao FFARS, ambao shule na zahanati hutumia kutoa taarifa za fedha zao. Na tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa NeST. Kwa shule iliyo mbali na mtandao hii imekuwa kazi ya ziada: mwalimu anapanda bodaboda hadi mahali penye mtandao, anaingiza tarakimu, anarudi kufundisha hesabu darasa la sita. Hakusomea uhasibu. Alisomea jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma, kisha akakabidhiwa vitabu vya hesabu juu ya kazi hiyo. Anajifunza kwa mwenzake aliyemtangulia, kwa makosa ya robo iliyopita, kwa mkaguzi wa ndani aliyempigia mstari mwekundu. Uko wakala wa serikali pale Bagamoyo, ADEM, unaofundisha uongozi wa elimu, na waliopita hapo wanajulikana kwa kazi yao. Ila walimu wakuu ni wengi kuliko nafasi, na wengi wao ufundi huu wameupata mezani, kwa taa, baada ya watoto kwenda nyumbani.

Mahali ambapo mkono wa fundi unaonekana zaidi ni siku ya kupokea vifaa vya ujenzi. Kwa miaka kadhaa sasa madarasa mengi ya serikali yanajengwa kwa utaratibu wa force account: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, shule yenyewe inanunua vifaa, na mafundi wa kawaida ndio wanaojenga. Mwaka 2021, fedha za mpango wa kukabili UVIKO-19 zilipokuja, zilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kati yake, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile shule ndogo zinazowasaidia watoto walio mbali na shule mama. Fikiri maana yake: mtu aliyezoea kuendesha shule kwa shilingi 200,000 kwa mwezi anakabidhiwa milioni 20, au milioni 40 kwa madarasa mawili, na tarehe ya kukabidhi jengo.

Utaratibu wenyewe una busara kubwa ndani yake. Zinaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Wanaonunua si wanaopokea. Lori la saruji linapofika, mwalimu mkuu hasogei mbele. Kamati ya mapokezi ndiyo inayotoka. Mara nyingi mmoja wao ni mzee aliyejenga nyumba nusu ya kijiji, na mzee huyo hahitaji miwani kusoma mfuko. Anaubonyeza kwa kidole gumba pembeni, kwenye kona, maana saruji iliyopigwa na unyevu huanza kuganda kwenye kona. Anauinua kidogo kuona kama una uzito wa kilo 50 au umekonda njiani. Kwenye nondo anatoa kipimo chake, kwa sababu nondo ya milimita 10 na ya milimita 12 zinafanana kwa mtu mwenye haraka, na lenta iliyowekewa nyembamba badala ya nene haitalalamika leo. Italalamika siku ambayo watoto wako chini yake. Mifuko inapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, isinyonye unyevu. Idadi inaandikwa, watatu wanasaini. Kama ni mifuko 97 na hati inasema 100, inaandikwa 97, na dereva anasubiri hadi simu ipigwe dukani.

Dakika hizo ishirini za kuhesabu mifuko juani ni somo la uraia ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha vizuri zaidi. Watoto wanaangalia kupitia madirishani. Wanawaona watu wazima wa kijiji chao wakihesabu mali ya umma mfuko kwa mfuko, kwa sauti, bila aibu na bila haraka.

Hatua ya mwisho ya ufundi huu ni kuonyesha. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kuna ubao wa matangazo, na juu yake karatasi inayosema: ruzuku ya mwezi huu kiasi hiki, imetumika hivi, baki hii hapa. Karatasi hiyo ina historia ya kuheshimika katika ukanda wetu. Nchini Uganda, watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995 na wakakuta kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa. Fedha nyingine zilipotelea njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichofika. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inafika. Mambo mengine pia yalichangia, lakini jambo moja lilithibitika: mzazi akijua kiasi kilichotumwa, anajua cha kuulizia.

Kuulizia kwenyewe kunahitaji mtu wa kujibu, na hapo naomba nieleze nililoliona. Ulikuwa mkutano wa wazazi chini ya mwembe, katika shule moja ya kijijini. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alikuwa anasoma taarifa ya matumizi, fungu kwa fungu. Alipofika kwenye ukarabati akasoma: makufuli sita. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mzizi akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Bibi," mwalimu mkuu akasema. "Karibu uulize."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma makufuli sita. Mimi asubuhi nimepita nikahesabu milango yenye kufuli jipya. Ni mitano."

Watu walinyamaza. Nilimtazama mwalimu mkuu usoni, nikitafuta hasira au fedheha, sikuona hata moja. Aliweka karatasi mezani.

"Ni kweli, Bibi, ya madarasa ni matano. La sita liko stoo ya chakula, kule nyuma ya jiko. Mwenyekiti anao ufunguo. Twende ukalione, wenzetu watatusubiri."

Wakaenda, wawili na mwenyekiti. Wazazi zaidi ya mia wakasubiri. Waliporudi, yule bibi alisema neno moja, "Lipo," akakaa. Mkutano ukaendelea. Dakika tano baadaye ikaletwa hoja ya uji: kila kaya ichangie mahindi debe moja na maharage kiasi, ili watoto wasikae na njaa hadi saa nane. Mchango huo ni hiari ya wazazi na hausimamiwi na walimu. Lazima uamuliwe na wazazi wenyewe na kusimamiwa na watu wao. Hoja ilipita bila ubishi. Mimi sina shaka kwamba debe lile la mahindi lilichangwa pale kwenye stoo, mbele ya kufuli la sita.

Sasa swali la haki kabisa: ufundi wote huu unamfikia mtoto? Shule haipo ili daftari lipendeze. Ukiangalia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mwaka 2012 walifaulu takriban watoto 31 kati ya 100. Mwaka 2024 walifaulu karibu 81. Ni mabadiliko makubwa, na yana sababu nyingi. Lakini kila mwalimu wa darasa la tatu anajua kwamba kule nyuma kuna watoto ambao bado hawajamudu kusoma hadithi ya darasa la pili, na alama za darasa la saba haziwafuti. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na mimi naona lilifanya vyema. Orodha ile ilizipanga kwa mstari mmoja shule ya bweni yenye watoto 40 waliochaguliwa na shule ya kijiji yenye watoto 120 kwenye chumba kimoja.

Upo utafiti ninaourudia kila nikisikia mtu akisema tatizo la shule ni fedha tu, au akisema tatizo si fedha kabisa. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania, baadhi ya shule zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila kupungua. Nyingine walimu wake waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayemudu kusoma na kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Pale ruzuku ilipokutana na walimu wenye sababu ya kuitumia, watoto walijifunza zaidi, kwa kiasi kinachopimika. Utafiti huo unathibitisha jambo ambalo kila fundi anajua: kitambaa hakijishoni, na mkono mtupu haushoni kitu.

Kwa hiyo heshima ninayoitoa hapa isije ikageuzwa kuwa kisingizio. Mwaka 2002, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulipoanza baada ya ada kufutwa, kiwango cha ruzuku kilikuwa dola 10 za Marekani kwa mtoto, wakati dola moja ilikuwa takriban shilingi 1,000. Wanafunzi walikuwa milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 wakawa milioni 7.5. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Leo shilingi 10,000 hazifiki dola 5. Watoto wameongezeka, bei ya chaki imepanda, na tarakimu imebaki pale pale. Serikali imewapa walimu wakuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na wanaistahili. Lakini angalia: posho ya mtu mmoja inalingana na fedha za kuendeshea shule nzima ya watoto 400. Kosa haliko kwenye posho. Kosa liko kwenye ruzuku, na ni wakati wa kuipandisha.

Wakati tunasubiri hilo, wewe msomaji una kazi moja ambayo haihitaji bajeti. Wiki hii pita kwenye shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nawe, hata kama mtoto wako hasomi hapo. Simama kwenye ubao wa matangazo, usome karatasi ya mapato na matumizi hadi mstari wa mwisho. Ukiikuta, ingia ofisini umshukuru mwalimu mkuu, kwa maana amekaa usiku kuiandika. Usipoikuta, muulize kwa adabu iko wapi. Kisha hesabu makufuli.